Kofia ya Kumlilia

“Hilo ni karai la kufulia,” jirani, Mama Redio, alisema akichungulia juu ya ukuta. “Na kama si karai, basi ni bakuli la kunyweshea kuku.”

Bibi akamjibu kwamba mtu asiyejua hata mume wake huvaa kofia namba ngapi bora anyamaze. Wakaendelea hivyo, huyu huku na yule kule, kama walivyozoea kila asubuhi. Ila leo chanzo cha ugomvi kilikuwa mezani, uani kwa Bibi, juu ya gazeti: kofia ya chuma ya askari, imekula kutu, mkanda wa kidevuni umekatika.

Mbele yake alikaa Bwana Kofia. Jina hilo alipewa na mtaa. Kazi yake ilikuwa kuwakagulia wanunuzi wa kumbukumbu za vita, awaambie ipi ilivaliwa vitani kweli na ipi ilitengenezwa juzi. Kushika vitu vya watu waliokufa, mwaka nenda mwaka rudi, kulikuwa kumemchosha hadi kwenye kope. Leo hakukuwa na mnunuzi. Bibi alisema kofia hii imeletwa na mtu aliyekuwa kikosi kimoja na mwanawe, yule wa pekee, aliyekwenda vitani na mpaka leo yeye hajarudi wala maiti yake haijaonekana.

Mtaa mzima ulijua kwa nini mikono ya Bwana Kofia ilikuwa mizito asubuhi ile. Mke wa askari huyo aliishi humo humo kwa mama mkwe wake, akifua na kupiga pasi nguo za watu. Ndiye aliyekuwa mikono na miguu ya Bibi. Bwana Kofia alianza kwa kumletea magwanda ya zamani ayasafishe. Magwanda yakaisha, akaanza kuleta shati lake mwenyewe. Mama Redio alikuwa akitangaza kwamba shati lile limepigwa pasi mpaka limebaki kola na vifungo. Lakini mwanamke mwenyewe alishamwambia wazi: yeye bado ni mke wa mtu. Mpaka mumewe arudi, au wapate cha kumlilia.

Na sasa cha kumlilia kilikuwa pale mezani.

“Sema tu ni yake, bwana,” Bibi alisema kwa sauti ya chini. “Tumlilie, tumalize. Mkwe wangu bado kijana, naye ashike njia yake. Nani atakulaumu?”

Hakuna ambaye angemlaumu. Hilo ndilo lililomchosha zaidi. Neno moja tu na nyumba nzima ingepumua. Mvuke ulikuwa ukitoka kwenye dirisha la jikoni, na nyuma ya mvuke yule mwanamke alisimama na mwiko wake, amesahau kukoroga.

Akaiinua kofia. Nyepesi mno. Akaigonga kwa ukucha, ikalia kama kopo. Kutu ilikuwa imeenea sawasawa kila mahali, kama rangi iliyopakwa na mtu mwenye subira. Akaipindua, akanusa ngozi ya ndani. Kichwa cha askari huacha mafuta, huacha jasho, pengine hata unywele. Ngozi hii haikuwa na kitu. Ilinuka gundi.

Akaigeuza tena, na shaka hakuwa nayo. Alikuwa akitafuta namna ya kusema uongo ambao angeweza kuishi nao. Akajiona ameoa, amekaa uani humu jioni, na kila mlango ukibishwa anashtuka. Akamwaza na kijana fulani, yuko mahali fulani, gerezani au hospitalini, anahangaikia nauli ya kurudi, huku nyumbani wameshamlilia na kitanda chake kina mtu.

Bibi hakuwa akiitazama kofia. Alikuwa akimtazama yeye, usoni.

“Bibi,” alisema mwishowe, “hii haijaenda vita vyovyote. Ni bati tu. Imetengenezwa kwa ajili ya maigizo, halafu mtu akaipaka dawa ishike kutu. Hakuna askari aliyewahi kuivaa. Nisamehe.”

Upande wa pili wa ukuta Mama Redio alicheka, akauliza si alisema, karai. Kisha akauona uso wa Bwana Kofia, kicheko kikamkauka, akajifanya ameitwa ndani kwake.

Jikoni mwiko ulianza tena kukoroga, taratibu.

Bwana Kofia akafuta miwani yake. Akachukua shati lake, lililokuwa limekunjwa vizuri juu ya kiti. Akamwambia Bibi kwamba hatakuja tena, nguo zake atatafuta pa kupeleka, maana mke wa mtu ni mke wa mtu na yeye si wa kuvizia mlango wa mwenzake. Bibi akamwacha afike hadi langoni, ndipo akamfuata akiburuta kandambili, akamshika mkono.

“Hiyo nimeiazima kwa waigizaji, nikupime,” alisema polepole, jikoni wasisikie. “Kesho wanaitaka. Ya mwanangu nililetewa vita vilipokwisha tu. Iko chini ya kitanda changu, ina tundu hapa.” Akajigusa juu ya sikio. “Peke yangu sikuweza kumwonyesha mkwe wangu. Tutamwonyesha sisi wawili. Ingia ule kwanza, mwanangu, chakula kinapoa.”