Chatu Aletewa Mwenzake

"Nyoka hataki mwenzake!" Mzee Pekeshe alifoka, amesimama mlangoni, mikono imeshika miimo yote miwili. "Si ng'ombe yule. Rudi na gunia lako, Galgalo!"

Galgalo hakurudi. Alikuwa amelibeba gunia lile begani kutoka malishoni mpaka hapa Idsowe, na jasho lilikuwa likimtiririka. "Chatu yako nakaa peke yake sana, mzee," alisema kwa Kiswahili chake cha Kiorma. "Hapana zuri. Mimi naleta bibi yake."

Nyuma yake alisimama jirani, Mashavu, na bakuli lililofunikwa. "Mpokee tu, baba. Kiumbe gani asiyechoka kukaa peke yake?"

"Nyoka hachoki! Ukimtilia mwenzake atasusa kula. Au mmoja atammeza mwingine, kisha mje mnilaumu mimi."

Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayewajua nyoka, na kweli aliwajua. Ila, lo, leo alikuwa na lake la kuficha. Ndani ya lile sanduku la mbao alilolinunua dukani Garsen mwaka Malkia wa Uingereza alipotawazwa, hamkuwa na chatu. Chatu alitoroka masika, maji yalipoingia nyumbani, na Pekeshe hakumwambia mtu.

Angesemaje? Mto ulikuwa umelimega shamba lake lote, migomba na mahindi, ukaenda nalo. Siku zile Mashavu alimletea sahani ya wali, akairudisha palepale mlangoni. "Mimi si mwombaji!" Kijiji kizima kilimsikia. Lakini chakula cha chatu hakukikataa. Chatu yule aliwahi kuwamaliza panya katika ghala za mpunga za watu wote, kwa hiyo watu waliona ni haki yake kulishwa.

Mwanzo walileta panya, halafu vifaranga. Siku hizi Mashavu alileta samaki wa kuchoma, akisema nyoka wa kufugwa huzoea chakula cha watu, na Galgalo akaleta maziwa. Hawa hawajui nyoka hata kidogo, Pekeshe aliwaza. Wakishaondoka alifunga mlango, akala yeye. Alikula upesi, ameuelekea ukuta kwa aibu. Mtu mzima, mvi kichwa kizima, anawadanganya majirani apate kushiba!

Na tangu juzi aibu ilikuwa imezidi. Binti yake, Arafa, alikuwa amerudi kutoka Kipini, ameachwa na mumewe, tena ana mimba. Maskini hakujua samaki wanatoka wapi. Sasa hivi alikuwa jikoni, anasikia kila neno. Sanduku likifunguliwa likaonekana tupu, Pekeshe angekuwa na uso gani wa kumtazama mwanawe?

"Nipishe, mzee," Galgalo alisema, akapenya chini ya mkono wake.

Pekeshe angeweza kumvuta shati. Hakumvuta. Alifumba macho akasikia kifuniko kikiinuliwa, gunia likikung'utwa, kitu kizito kikianguka pu! Akangoja kelele. "Ya Rabi nisitiri," alinong'ona.

Kifuniko kikafungwa.

"Ile yako nalala," Galgalo alisema, akijifuta jasho. "Nafunga macho kabisa."

Pekeshe alishusha pumzi. Chumba kilikuwa na giza, bila shaka giza ndilo lililomwokoa. Hakuweza kumtazama Galgalo usoni.

"Basi sasa wako wawili," Mashavu alisema, akaweka bakuli juu ya sanduku. "Kuanzia kesho tutaleta vya wawili. Na jike mwenye mayai tumboni hula sana, au vipi, baba?"

"Hula sana," Pekeshe alijibu, macho chini.

Walipoondoka, aibu ilimpanda mpaka masikioni. Watu wema kama wale, na sasa wamwongezee mzigo kwa ajili ya uongo wake! Hapana, imetosha. Atamtoa huyo jike, ampeleke mtoni, kisha awafuate hukohuko njiani awaambie kweli yote, wamcheke wakitaka, wamtemee mate wakitaka.

"Arafa, toka nje, mwanangu. Nenda mbali kidogo."

Alishika fimbo kwa mkono mmoja. Aliondoa bakuli, akarudi nyuma hatua moja, akainua kifuniko polepole, fimbo juu, akachungulia.

Ndani mlikuwa na kamba ya kufungia ndama, imeviringishwa vizuri.