Sauti ya Uani

Fundi ndiyo kwanza ametoka. Alichomeka kifaa cha pili cha waifai ukutani, ili mtandao ufike uani na kamera ambayo Bi Thuraya kafungiwa na mwanawe ifanye kazi.

Bi Thuraya alikuwa mkekani uani, akila pilau na jirani yake muuza mitumba. Mara kamera ikasema, kwa sauti ya mwanawe aliyeko Mbezi:

"Mama, huyo naye kila siku anakula hapo?"

Jirani akabaki na tonge mkononi, punje zikimdondokea mapajani.

"Unaingia uani kwangu bila hodi wala shikamoo, unamhesabia mgeni wangu matonge?"

"Mama, nauliza tu..."

Bi Thuraya aliinuka, akakichomoa ukutani kile kifaa cha waifai. Kilikuwa na joto kama yai lililotagwa sasa hivi. Akakitumbukiza kwenye bakuli la kunawia.

"Kula, mwenzangu. Pilau inapoa."