Gego la Leimara

Gego lilikuwa moja tu, limelala ndani ya taya, na halikuwa limeoza. Daktari aliligonga mara mbili, akashangaa.

"Linakuuma kweli?"

"Sana," alisema Leimara.

"Basi ganzi ya fizi itatosha. Au uvute gesi kidogo, kama unaogopa."

"Nataka dawa ya mshipani. Mimi mwoga."

Kaka yake, Kalmet, nusura acheke. Mwoga wapi! Mwanamke huyu huyu alimfukuza uani kwa panga wiki tatu zilizopita, alipompelekea hati ya ardhi. Lakini Kalmet alifyata mdomo. Hati bado alikuwa nayo mfukoni.

Kampuni ya hoteli ilitaka ufuo wa mama yao kwa miaka sabini na mitano, kaburi la mama likiwemo. Ilikosekana saini ya Leimara tu. Ya mama yao mdogo, Leiwia, Kalmet alishaipata, mgonjwa wa watu akiweweseka kwa homa. Leimara alipomshtaki, Kalmet aliapa kuwa mama mdogo alikuwa na akili zake timamu. "Ushahidi uko wapi?" wazee walimwuliza Leimara, naye hakuwa nao. Mama mdogo alikufa na kinyongo chake, Kalmet akanunua gari. Mtu mzima hovyo!

"Nani atamrudisha nyumbani?" aliuliza nesi. "Bila msindikizaji hatumchomi."

"Mimi hapa, kaka yake."

Nesi alimsogezea karatasi. "Haya ni masharti ya baada ya dawa. Soma, halafu utie saini."

"Soma kwanza, kaka," alisema Leimara.

"Usinifundishe! Nimesaini karatasi nyingi kuliko laplap ulizopika maisha yako yote." Alichora jina lake bila hata kutazama. "Mchomeni basi, mnangoja nini?"

Kufika saa tano, Leimara alikuwa ndani ya gari, kichwa kinalegea, pamba mdomoni, damu imemkaukia kidevuni. Kalmet hakuwasha hata injini. Alimtia kalamu mkononi.

"Saini hapa, dada."

"Ya nini?" Ulimi ulikuwa mzito.

"Ya dawa. Saini bwana, usinichoshe!"

Alimshika kiwiko mpaka jina likaisha. Kisha akaandika tarehe na saa, kama sheria inavyotaka, akapiga mluzi njia nzima hadi kijijini.

Jumatatu aliibwaga hati mbele ya wazee na afisa wa ardhi aliyetoka mji mkuu, Port Vila. "Huyo mbishi wenu amesaini. Kwa hiari yake, akili timamu. Naapa tena, kama nilivyoapa kwa saini ya mama mdogo."

Afisa alimgeukia Leimara, ambaye shavu lilikuwa bado limevimba. "Hii saini ni yako?"

"Ni yangu. Sikumbuki kuitia, lakini ni yangu."

Mzee mmoja alisonya. "Sasa unatupotezea muda wa nini, mwanamke?"

Leimara alitoa kwenye kikapu karatasi aliyoichukua kwa nesi. "Naomba uisome kwa sauti, afisa. Mwenzenu aliona uvivu."

Afisa alisoma. "'Kwa saa ishirini na nne baada ya dawa, mgonjwa asiendeshe gari wala asitie saini hati yoyote, kwa kuwa hatakuwa na akili timamu. Mimi msindikizaji nimesoma na nimeelewa.'" Alitazama tarehe, akatazama ile ya kwenye hati, kisha akamtazama Kalmet. "Saini ni yako hii?"

Kalmet alinyoosha mkono kuichukua hati yake, afisa akaisogeza mbali naye.

"Mlitaka ushahidi," Leimara aliwaambia wazee. "Hilo gego halijawahi kuniuma hata siku moja."