Hapa Alilala Mfalme

Rangi ya kibao kilichosema HAPA ALILALA MFALME ilikuwa bado mbichi mgeni alipobisha hodi.

"Amefika!" Katibu alinong'ona.

"Ficha brashi," Mwenyekiti akaamuru.

Kamati Kuu ya Kuokoa Nyumba ya Bibi ilikuwa na wajumbe wawili, mapacha wa miaka kumi na mitano waliokuwa likizoni kutoka shule ya bweni. Dada alijiteua Mwenyekiti. Kaka alipinga, kura zikalingana, na Mwenyekiti akatoa kura ya turufu; Kaka akawa Katibu.

Jambo lenyewe, hata hivyo, halikuwa la mzaha. Halmashauri ilitaka kupanua barabara. Notisi iliyobandikwa getini ilisema tingatinga litafika Ijumaa saa sita mchana, isipokuwa mkaguzi wa majengo ya kale awe ameiona nyumba na kuandika kwamba ina thamani. Leo ilikuwa Ijumaa. Saa tano.

Mgeni alikuwa mtu mzima, mabuti yamejaa vumbi, kofia ngumu kwapani, karatasi ya halmashauri mkononi.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba. Nimetumwa na halmashauri kuhusu hii..."

"Tunajua!" Mwenyekiti alimkata kauli. "Tumekusubiri wiki nzima. Karibu ndani."

"Mmenisubiri?" Mgeni alishangaa. "Mimi kwa kawaida watu hunifungia mlango."

"Sisi si watu wa kawaida," alisema Katibu, jambo ambalo walimu wake wangelithibitisha kwa maandishi.

Sebuleni mgeni aligeuza shingo polepole. Paa bapa. Sakafu ya terazo inayoteleza kama sabuni. Ngazi zilizochomoza ukutani bila nguzo, utadhani zinaelea. Ukuta mmoja wote ulikuwa wa matofali ya matundu, na jua lilipita humo likamwaga nukta za mwanga sakafuni.

"Mbona vyombo bado vimo?" aliuliza.

"Vyote ni vya tangu zamani! Babu alikuwa mchora ramani za nyumba, akaijenga mwenyewe miaka sitini iliyopita. Hata saa hatuna. Nukta hizo zikigusa kiti cha Bibi, tunajua ni saa sita."

Mgeni alizitazama nukta, akakitazama kiti. Akagonga ukuta kwa ngumi. "Unene gani?"

"Futi nzima!"

"Lo! Kazi ipo. Na lile geti, haliwezi kufunguka zaidi? Gari langu ni pana, nimeliacha kule kwenye kona."

"Ukitaka tutaling'oa," alisema Katibu kwa unyenyekevu.

Ndipo Mwenyekiti alipofungua mlango wa chumbani kwa heshima zote. "Na hapa, mzee, alilala mfalme."

"Mfalme gani?"

Mwenyekiti alimtazama Katibu. Katibu alitazama dari.

"Wa pili," alisema Katibu.

"Usiwasikilize hao!" Sauti ya Bibi ilitokea mlango wa nyuma. "Wanadanganya kama wanavyopumua. Hapo alilala babu yao, na mkoromo wake ndio uliopasua kile kioo cha dirisha. Njoo huku bustanini uone cha maana."

Kamati ilifumba macho. Wiki nzima waliomba ruhusa ya kufyeka bustani ile, ambayo mtaa mzima uliita kichaka, wapande angalau waridi moja la kumpokea mkaguzi. Bibi alikataa katakata.

Mgeni aliingia hatua mbili, akasimama. Akachuchumaa. Akashika jani kwa vidole viwili.

"Mmea huu ulijaa pale kituo cha mabasi," alisema.

"Kabla ya kituo," Bibi akaitikia, macho yamemtoka.

"Mkunazi huu ni wa kule kwenye kiwanda. Na nyasi hizi... uwanja wa mpira. Nilidhani zimekwisha duniani."

"Marehemu mume wangu akisikia mahali panasafishwa, alikuwa anawahi alfajiri na jembe, anachukua mche mmojammoja. Wewe umejuaje, baba?"

"Nilikuwepo," mgeni alijibu taratibu. "Nilikuwa nafika baadaye kidogo."

"Bingwa!" Mwenyekiti alimnong'oneza Katibu. "Tumepata bingwa!"

Mgeni hakuinuka. "Mama, ukitoka hapa utakwenda wapi?"

"Mimi nina watoto, nitapokelewa. Miche hii nani ataipokea?"

Ndani, nukta zilikuwa zimebakiza upana wa kidole kufika kitini. Mgeni alivaa kofia yake. Akaivua tena.

"Miaka thelathini katika kazi hii," alisema, "sijawahi kukaribishwa ndani kwanza. Nyumba hii isiguswe. Nitawaambia hivyo ofisini, na wakitaka wanifukuze."

Katibu alikimbilia ndani, akapiga sarakasi kwenye terazo, akateleza mpaka jikoni. Mwenyekiti, aliyekuwa ameapa kutolia mbele ya wajumbe, alilia. Bibi aling'oa mshubiri mchanga, akauweka na udongo wake kwenye kopo la maziwa, akampa mgeni.

"Usiumwagilie sana. Uusahausahau kidogo."

Mgeni alilipokea kopo kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhiwa kichanga, akaondoka bila kugeuka.

Kamati ilikaa mara moja. Hoja ya kujipongeza ilipita kwa kura mbili, hakuna aliyepinga. Walikuwa wakijadili kama sanamu zao zichongwe kwa jiwe au kwa shaba hodi ilipobishwa tena.

Getini alisimama mama mwenye miwani, faili kifuani, viatu mkononi, jasho linamtiririka.

"Samahanini sana, basi limeniharibikia njiani! Mimi ndiye mkaguzi wa majengo ya kale. Wallahi nilijua nitakuta kifusi! Lakini hapo kwenye kona nimepishana na tingatinga linarudi zake, na dereva amepakata mshubiri kwenye kopo."