Mifupa Nyuma ya Boma

Kipkirui alivaa koti lake la kanisani asubuhi aliyokwenda Nakuru kutazama mifupa ya jirani yake.

Aliombwa na Mama Shantel, mjane wa jirani huyo, ambaye hakuwa na mwanamume mwingine wa kumsindikiza. "Jirani, ndugu niliyebaki naye huku ni wewe," alimwambia. Kipkirui akakubali huku akitazama viatu vyake.

Mifupa ilikuwa imefukuliwa na vijana waliokuwa wakichimba mtaro wa maji shambani kwa Kipkirui, nje kidogo ya Molo. Ilikuwa ndani ya shimo la zamani la mawe, nyuma ya nyumba, chini ya ukingo uliobomolewa na mvua miaka mingi iliyopita. Kijiji kizima kilisema Sitati, yule jirani, amepatikana.

Kipkirui hakushangaa. Tangu vita vya baada ya uchaguzi alikuwa akingoja Sitati atoke ardhini.

Alfajiri moja ya vita hivyo nyumba ya Sitati ilikuwa ikiwaka moto. Kipkirui na mkewe walikuwa wamejifungia ndani, wamezima taa, maana ilijulikana kwamba atakayemficha jirani wa kabila lingine nyumba yake nayo itachomwa. Ndipo mlango wa nyuma ukabishwa. Ulibishwa chini kabisa, karibu na kizingiti, kwa kiganja. Hakuna jina lililotajwa wala neno lililosemwa. Kilichosikika ni mtu akihema. Mkewe aliinuka. Kipkirui akamshika mkono, akamketisha. Kiganja kiligonga, kikapumzika, kikagonga tena, kisha kikanyamaza.

Kulipokucha alikuta damu mlangoni, na mburuzo kwenye majani ukielekea vichakani. Hakuufuata. Alichota maji, akaosha kizingiti.

Tangu siku hiyo akawa jirani mwema kupita kiasi. Mama Shantel aliporudi kutoka kambi ya wakimbizi, mtoto mgongoni, Kipkirui ndiye aliyemsimamishia nyumba. Viazi vya kwanza vya kila msimu vilifika jikoni kwake. Shantel alikunywa maziwa ya ng'ombe wa Kipkirui mpaka akamaliza shule. Kanisani walimsifu, na kila sifa ilimwasha mwilini kama upupu. Mkewe hakuwahi kumsifu. Aliingia kaburini bila kulitaja jambo la mlango hata mara moja.

Njiani kuteremka Nakuru, Mama Shantel alizungumza kwa utulivu. Angempeleka mumewe Bungoma, akalale karibu na wazazi wake. Afadhali kaburi kuliko kungoja, alisema. Mtu anayengoja hali akashiba. Kisha, kwa kumfariji, akamwambia kwamba yeye angalau wake yuko hai mahali fulani.

Alimaanisha Kipngeno, mtoto wa pekee wa Kipkirui. Kijana huyo aligombana na babake Krismasi ya mwaka ule wa uchaguzi, akiwa kidato cha pili, akafunga begi na kuapa kwamba hatarudi. Baadaye dereva mmoja wa lori alisema amemwona kijana kama yeye Malaba akipakia magunia. Kipkirui hakwenda kumtafuta. Alisubiri mtoto ndiye ajishushe kwanza.

"Watoto ni hivyo," alijibu, akageukia dirisha.

Moyoni alikuwa ameshaamua. Wakitoka ndani ya chumba cha maiti atamweleza yote. Akitaka kumtemea mate, na amtemee. Akitaka kumpeleka kwa chifu, atatangulia mwenyewe.

Daktari Wariara alikuwa ameipanga mifupa juu ya shuka jeupe, kuanzia kichwa hadi vidole vya miguu, kama mtu aliyelala chali. Alizungumza taratibu. Aliwaonyesha nyonga, akasema ya mwanamke huwa pana kwa sababu ya kupitisha mtoto. Hii ilikuwa nyembamba, kwa hiyo ni mwanamume. Mama Shantel akashika kifua.

Daktari akagusa mfupa wa muundi uliovunjika vipande viwili. "Mfupa ukivunjika huanza kujiunga wenyewe siku chache tu baadaye," alisema. "Huu haukuanza. Hakuishi muda mrefu baada ya kuumia. Na hakuweza kusimama, alikwenda akitambaa."

Kipkirui aliitazama mifupa ya mkono, midogo kama maharagwe, akafumba macho.

"Mama, mume wako alikuwa na miaka mingapi?"

"Arobaini ilikuwa imempita."

Daktari aliinamia shuka tena. Akauinua mfupa wa paja. Alieleza kwamba mfupa wa mtu aliye hai si kama mti mkavu. Nao unaishi, na kwa mtoto hurefuka kutokea karibu na ncha zake. Wakati huo ncha ni kipande kinachojitegemea, kimeshikizwa kwenye mfupa na gegedu laini. Mtu akikomaa, gegedu hugeuka kuwa mfupa, na vyote vikawa kitu kimoja. Alipokwisha kusema akaishika ile ncha ya juu, nayo ikatoka mkononi mwake kama kifuniko cha chupa.

"Huyu alikuwa bado anakua," alisema. "Ni kijana wa miaka kumi na sita, kumi na saba hivi. Pole sana, mama. Huyu si mume wako."

Mama Shantel alianza kulia, kisha akajifuta macho. Akaitazama tena mifupa, kuanzia kichwani hadi miguuni. Akamgeukia jirani yake, akamshika kiwiko kwa mikono yote miwili.

"Baba Kipngeno," alimwambia polepole, "hebu keti chini."