Glasi ya Maji ya Kijito

Kibali cha mazingira cha hoteli ya Bi Salome kilikuwa kinaisha siku ile. Mkaguzi, Bwana Mkude, aliteka maji ya kijito pale bomba la maji machafu la hoteli linapomwaga, akamwekea glasi mezani.

"Kunywa, mama. Ukinywa, nasaini."

Bi Salome alifumba macho, akaomba kama aombavyo kabla ya kila mlo. Lakini amina haikutoka. Glasi ilifika mdomoni, mkono ukakataa.

Bwana Mkude akacheka. "Basi, mama, hata mimi nisingekunywa. Leta kalamu. Na ile mbuzi choma iko wapi?"

Alisaini. Bi Salome akatoka, akayarudisha maji kijitoni. Kule bondeni mwanamke mwenye ndoo alimpungia mkono, kisha akainama kuteka.