Shangazi Aliyeishi Quebec

Wageni walishaingia uani, na Shangazi Emily bado amejifungia chooni na simu, anakariri.

"Pa kula: chipsi za kumwagiwa mchuzi na jibini. Pa kulala: gesti za ndani ya ukuta wa kale. Pa kujivinjari: mtaa wa Saint-Jean..."

"Shangazi!" Ayuma, binti wa kaka yake, aligonga mlango. "Wamefika! Philip anakuulizia wewe kwanza!"

Amwulizie nani mwingine? Kakamega nzima ilijua Emily aliishi jiji la Quebec, Kanada kwa wasema Kifaransa, miaka mitatu. Kaka yake aliuza ng'ombe wawili kumkatia tiketi. Ukweli ni kwamba viza ilikataliwa, akaona haya kurudi nyumbani, akaenda kuchuma maua Naivasha. Aliporudi na kofia ya sufu ya mtumba, watu walimpokea kwa vigelegele, na yeye, Mungu amsamehe, akaanza kusimulia.

Tangu hapo kila kijana wa kwenda Kanada alipitia kwake kuuliza pa kula na pa kulala. Kwa bahati nzuri, wote waliishia Toronto.

Sasa huyu Philip Shikanga, mchumba wa Ayuma, mtoto wa wakulima wa miwa kule Kabras, eti amesoma Quebec miaka minne! Quebec hiyo hiyo! Na katika ukoo wao shangazi ndiye humhoji mchumba mbele ya wazee. Leo angeumbuka mchana kweupe, kaka yake akiwa pale pale.

Akatoka, akafunga leso vizuri, akaketi. Sebule ilijaa mpaka mlangoni.

"Haya, Emily," kaka yake akasema, uso umemchanua kwa fahari. "Mwulize mwenzako. Ninyi ndio mnaijua baridi."

"Ulikuwa unakulanga wapi?" Emily akauliza.

"Saint-Jean, shangazi. Chipsi za mchuzi na jibini."

"Hizo hizo! Na kulala?"

"Ndani ya ukuta."

"Ule wa kale!"

"Wa kale kabisa!"

Wazee wakapiga makofi. Emily akaanza kuona raha. Kumbe mambo si mabaya! Wawili hao wakapanda ngazi za mji wa juu, wakashuka mji wa chini, wakala theluji iliyomwagiwa sharubati ya mti, wakacheza dansi mpaka alfajiri, na mama mmoja kutoka Bukura akajifuta machozi kwa utamu wa maneno.

Kisha Philip akageuza kibao. "Na wewe, shangazi, hoteli gani ya chakula uliipenda kushinda zote?"

Lahaula! Majina yote ya kwenye simu yakamtoka kichwani. Ayuma alikuwa akimtazama kwa macho ya kuomba. Sema neno lolote, Emily, lolote!

"Chez Josefina," akaropoka. "Ile ya mlango wa kijani. Hapo nje kuna kasuku wa jicho moja, anakusalimia 'bonjour.'"

Akatamani ardhi ipasuke immeze. Kasuku! Wa jicho moja! Nani alimtuma aongeze kasuku?

Sebule nzima ikamgeukia Philip. Philip akameza mate, akamkazia macho Emily, halafu akaruka kutoka kitini.

"Yule kasuku!" akapiga kelele. "Bado yuko hai? Shangazi, yule ndege alikuwa ananidonoanga kila nikipita! Ona!"

Akanyoosha kidole cha mkono wa kushoto. Kilikuwa na kovu refu la panga, lile wanalokuwa nalo wakata miwa wote wa Kabras.

Emily akalitazama lile kovu, akamtazama mwenyewe usoni, akaangua kicheko mpaka leso ikamwanguka.

"Mpeni Ayuma," akasema. "Huyu tayari ni damu yetu."